Rangi za Holi

Neno rangi lina kazi mbili. Hutaja unga wa kupaka, na hutaja ngozi ya mwanadamu. Katika sikukuu ya Holi maana hizo mbili hukutana usoni pa mtu, na ya kwanza huifunika ya pili.

Holi huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, Februari au Machi. Kule Gujarat, asili ya Wahindu wengi wa Afrika Mashariki, baridi huwa inakwisha na miti inachanua. Dodoma haina majira hayo. Machi ni mwezi wa mvua, na mtama na uwele wa Wagogo bado u shambani. Lakini mwezi wa mbinguni ni mmoja kwa wote, na sikukuu ilisafiri na wafanya biashara walioifuata reli iliyofika Dodoma mwaka 1910.

Usiku wa kwanza ni wa moto. Watu huuzunguka na kuutupia nafaka na nazi. Hukumbukwa mfalme Hiranyakashipu, aliyetaka kuabudiwa, na mwanawe Prahlada, aliyekataa. Shangazi wa mtoto, Holika, aliyekingwa na moto, alimpakata akaingia naye motoni. Mtoto alitoka mzima; shangazi akawa majivu. Kinga itumiwayo kwa dhuluma haimkingi mwenyewe.

Asubuhi yake ni zamu ya rangi. Mdogo humpaka mkubwa, karani humpaka tajiri wake, wala hapana anayekasirika. Nguo nyeupe huwa nyekundu, manjano na kijani, hata mama hamtambui mwanawe ila kwa sauti.

Lakini nje ya ua ilikuwako rangi isiyooshwa kwa maji. Chini ya Waingereza shule za Tanganyika zilitengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika, mpaka utengano huo ulipofutwa mwaka 1962. Ua nao ulikuwa na mlango wake. Jirani Mgogo, ambaye wazee wake walijipamba kwa udongo mwekundu na mafuta, angaliielewa sikukuu hii upesi kuliko wengi; lakini mara nyingi alisikia vicheko tu nyuma ya ukuta.

Mwaka 1971 sheria ilitwaa majumba mengi ya kupangisha, na Wahindi wengi wakahama nchi. Waliobaki huwasha moto mdogo zaidi. Labda sasa mlango utafunguliwa, maana furaha ya wachache huhitaji majirani. Unga huoshwa jioni ile ile. Heri yake ni kwa yule ambaye, akiisha kunawa, hukumbuka kwamba asubuhi hakujua ngozi ya nani ilikuwa ya nani, na bado alicheka naye.