Ile Sumu Nilinyamazia

Wasee, leo nakiri kitu. Najua wengine mtaniambia ni gemu tu, lakini soma kwanza.

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, ni hivi: mnakaa mezani, mmoja anaendesha hadithi (tunamuita DM), wengine kila mtu na mhusika wake, na mambo mazito yanaamuliwa na dadu la pande 20. Vita vikianza mnaweka visanamu kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ni futi 5. Sisi visanamu vya ukweli tuko navyo vitano. Wengine wote ni vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa maka.

Sasa shida si kuhesabu damu. Shida ni hali. Toleo la tano lina hali 15: kuna kupofuka, kupooza, kuingiwa na hofu, kupewa sumu, kuanguka chini na kadhalika. Kila moja ina sheria yake, na kwa muda mrefu sisi tulikuwa tunaziweka kwa kichwa. Eti tutakumbuka. Raundi moja ni sekunde 6 ndani ya hadithi, lakini mezani inaweza kumaliza dakika ishirini, hapo mtu ameenda kuchukua chapati, mwingine anapigiwa na mamake, na wewe unatarajiwa kukumbuka nani alipigwa na nini.

Hiyo Jumamosi nilichomwa mshale wa Drow, wale elfi wa chini ya ardhi. Nikarusha dadu kujiokoa, nikafeli. Mshale wao ukikupata hivyo, una sumu kwa saa nzima, yaani pambano lote. Na ukiwa na sumu, kila ukishambulia unarusha dadu mbili na kuchukua ile ndogo. DM akasema, "Uko na sumu," nikasema sawa, tukaendelea.

Zamu yangu ikarudi. Mbele yangu kuna jitu ambalo lilikuwa limemsukuma beshte yangu, mchawi wetu, hadi akaanguka. Nikarusha dadu moja. 17. Meza ikapiga kelele, jitu likafa, DM akaandika. Hakuna mtu alikumbuka.

Mimi nilikumbuka. Nilikumbuka dadu likiwa bado linazunguka, na nikanyamaza. Zamu iliyofuata nikanyamaza tena, na hapo sasa siwezi kusema nilipitiwa.

Halafu ikaja zamu yake. Jitu limekufa, uchawi wake umeisha, kilichobaki ni kukimbia hadi mlangoni. Kila mtu alikuwa amesahau yuko chini, kwa sababu kizibo chake kilikaa tu vile vile. Yeye mwenyewe ndiye akasema, "Ngoja, mimi nimelala. Kuinuka inakula nusu ya mwendo." Mwendo wake ni futi 30, akitumia zamu yote kukimbia zinakuwa 60. Toa 15 za kuinuka, zinabaki 45. Miraba 9. Mlango ulikuwa mraba wa 10.

Drow wakampiga akiwa mraba mmoja kutoka mlangoni. Akaenda sifuri, akarusha dadu za kupigania uhai, zikafeli zote tatu. Mhusika wa miezi minane, manze. Alikunja ile karatasi yake akaiweka kwa begi bila kusema kitu, na mimi nikaenda nyumbani nikiwa shujaa aliyeua jitu.

Nilimwambia baada ya wiki mbili, tukitembea kwenda stage. Sikutarajia acheke, lakini pia sikutarajia alichosema: "Si ungeniambia tunasahau. Na mimi ningesahau."

Bana.

Ndio maana sai nikisikia mtu akisema kuweka alama kwenye visanamu ni kusumbuana, ati ni kuchelewesha gemu, nakasirika kuliko inavyostahili. Watu huongea kana kwamba shida ni kumbukumbu. Kumbukumbu yetu ilikuwa poa sana kwa hali za maadui! Hakuna siku tulisahau kwamba adui amepooza. Tulichosahau kilikuwa kile kinachotuumiza.

Tunachotumia ni zile pete za plastiki zinazobaki kwenye shingo ya chupa ukishafungua kizibo. Shingo ya chupa nyingi za soda ni kama milimita 28, na kitako cha kisanamu cha kawaida ni 25, kwa hivyo pete inaingia vizuri tu. Zitoe na mkasi, si kisu, uliza kidole changu. Nyekundu ni hofu, ya machungwa ni sumu, ya buluu ni kupooza. Mmoja wetu hatofautishi nyekundu na kijani, kwa hivyo pia tumeandika herufi kwa maka.

Mtu akianguka chini, hakuna pete, laza kisanamu chenyewe. Kizibo kigeuze. Uchawi unaohitaji umakini unapata pete mbili za rangi moja: moja kwa aliyelengwa, moja kwa mchawi mwenyewe. Mchawi akipigwa umakini ukavunjika, zote mbili zinatoka, na hakuna mtu anauliza "kwani huyu bado amepooza?"

App ya simu? Tulijaribu. Inafanya kazi, lakini iko kwa simu ya DM, na DM tayari anaendesha maadui sita na kijiji kizima. Pete inaonekana na kila mtu.

Sheria moja niliipigania mimi: mwenye hali hajivishi pete. Anavishwa na aliye kulia kwake, na ni huyo huyo anaitoa. Sikueleza mezani ni kwa nini. Yeye alijua, akaniangalia, akasema anaunga mkono.

Jumamosi iliyopita nyoka akaniuma. Nikafeli kujiokoa, na kabla nifungue mdomo pete ya machungwa ilikuwa imeshaingia. Siku hizi yeye hukaa kulia kwangu. Zamu yangu ikafika, nikarusha dadu mbili, 19 na 4.

Nikachukua nne.