Pampu ya Mama wa Ndizi

Gari la kwanza nililotoa injekta nikaweka kabureta lilikuwa Corolla ya mama mmoja aliyeuza ndizi Daraja Mbili. Kompyuta ya gari iliungua mtu alipogeuza waya za betri akilishtua. Mama hakumudu kompyuta nyingine, nami nilikuwa na kabureta kwenye rafu. Magari ya injekta kutoka Japani yalishajaa Kisii, na sisi wa jua kali tulikuwa tumelelewa na Peugeot 504.

Kabureta ilikaa sawasawa. Kosa langu lilikuwa nyuma, ndani ya tenki: niliiacha pampu ileile ya injekta. Ni nzima, nikasema, ya nini kumtia mama hasara? Kumbe pampu hiyo husukuma kwa presha ya psi 40 hivi, na kabureta inataka 3 hadi 5. Kile kisindano kinachoinuliwa na boya hakiwezi kuzuia nguvu hiyo. Petroli ilifurika, plagi zikawa nyeusi, na kijiti cha oili kikanuka petroli tupu.

Alirudi siku ya tatu. Hakufoka. "Fundi, hili gari linakunywa kuliko wanangu wote watano." Oili mpya nilinunua mimi.

Omogaka, yule mzee aliyenifundisha kazi, alishauri pampu ya 504, ile inayosukumwa na kemshafti. Nilitafuta pa kuifunga kwenye ile injini, sikupaona. Na hata ningepaona, ningesita. Pampu ya injini huvuta, na njia ya Keroka ni kupanda: pua ya gari iko juu, tenki liko chini nyuma, mafuta yanavutwa mlima mzima, kisha yanapita kando ya injini inayochemka. Yakigeuka mvuke, gari linakuzimikia mlimani na lori la majani chai liko mgongoni.

Nikachukua pampu ndogo ya umeme, ya presha ya chini, nikaifunga karibu na tenki ili isukume, chujio likitangulia. Ile ya zamani nikaitoa kabisa. Muuzaji alinisihi nichukue kubwa zaidi. Wauzaji ndivyo walivyo. Nilitia mpira kwenye chupa nikahesabu dakika moja: ikapita lita moja. Injini ya cc 1500 ikikanyagwa hadi mwisho hukaribia nusu lita tu. Geji ikasoma 4.

"Mbona usiunge waya kwenye swichi ya ufunguo, ukamaliza?" kijana wangu akauliza.

"Gari likigonga, injini ikazima, nani atazima pampu?"

Nikaupitisha umeme kwenye rilei inayotii swichi ya presha ya oili, na waya mwingine kutoka stata ili mafuta yapatikane wakati wa kuwasha.

Tulilipandisha hadi Keroka, mama akiwa kando yangu na mikungu nyuma. Huko juu nilizima injini. Tk-tk-tk ya pampu ikanyamaza nayo.

"Unanidai ngapi?"

"Pampu tu, mama."