Punda Hayumo Kwenye Orodha

Kwa miezi minane nililipwa kuchora mistari kuzunguka vitu. Ofisi ilikuwa Nairobi, ghorofa ya tatu, na kazi yenyewe ilikuwa hivi: picha ya barabara ya majuu inakuja kwenye skrini, unabofya nukta baada ya nukta kufuata ukingo wa gari, halafu wa mtu, halafu wa baiskeli, mpaka kila kitu kiwe kimezungushiwa ua wake. Unaandika jina lake. Inayofuata. Ukikata sikio la mbwa, picha inarudishwa na hulipwi. Nilifika mahali nikawa naota nikizungushia watu nukta. Si utani.

Nyumbani ni Kibwezi, Makueni, lakini Susu, mama yake baba, anaishi ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kitui, karibu na Ikutha. Desemba moja nilishuka matatu jioni nikatembea ile njia ya vumbi hadi kwake. Alikuwa ameketi chini ya mwarobaini. Nikiwa bado mbali, hatua kama hamsini hivi, aliinuka akaniita kwa jina la baba.

Baba alifariki 2019.

Nilisimama pale nisijue niitikie au nifanye nini. Nilipokaribia na kumsalimia, sauti yangu ikamwambia ukweli, akaketi tena polepole. "Unatembea kama yeye," akasema. "Bega moja juu." Ndipo nikajua macho yake yalikuwa yamefika wapi. Mtoto wa jicho, yote mawili. Nyuso za watu zilikuwa zimefutika, zikabaki kama vivuli ukutani, na kwa vivuli hivyo alikuwa anatambua kijiji kizima.

Usiku huo nilijaribu kumweleza kazi yangu. Kompyuta haioni picha, Susu, inaona jedwali la namba. Kila nukta ya picha ya rangi ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukingo wa kitu ni pale namba zinaporuka ghafla: angani namba ni 200 na kitu, ukisogea kidogo kwenye shina la mbuyu zinashuka hadi 60. Programu inachukua kijedwali kidogo, tuseme tatu kwa tatu, inakipitisha juu ya picha nzima ikitafuta miruko kama hiyo. Safu ya kwanza inapata mistari, inayofuata inaunganisha mistari kuwa kona na miviringo, na za mbele zaidi zinapata gurudumu, sikio, jicho. Hakuna anayeiambia itafute nini hasa. Inakisia, inalinganisha jibu lake na lebo zilizowekwa na watu kama mimi, inakosea, inajirekebisha, mara mamilioni. (Haya yote nilimwambia kwa Kikamba kibovu. Neno la jedwali nililikosa kabisa, nikasema shamba lenye mistari.)

Kwa hivyo nilidhani mashine inatambua vitu kama yeye, kwa umbo. Kumbe wapi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walichukua picha ya paka wakaivika ngozi ya tembo. Masikio ya paka, mkia wa paka, mkao wa paka, ila mikunjo ya tembo. Watu wakasema ni paka. Mashine ikasema tembo. Ilikuwa imejifunza ngozi kuliko umbo, kwa sababu ngozi ilikuwa inatosha kupata jibu. Ikabidi waifundishe upya kwa picha zilizobandikwa michoro ya rangi za ajabu, ili ngozi isiwe na msaada tena, ndipo ikaanza kuangalia umbo.

Susu alicheka. "Hiyo imelogwa. Na punda wangu je, inamjua?"

Swali la maana kuliko alivyojua. Mkusanyo wa picha uliobadilisha hii kazi yote unaitwa ImageNet, ulitambulishwa 2009, na timu ya Toronto ilipotikisa mashindano yake 2012, orodha ya kutambua ilikuwa na aina 1000 za vitu. Kuna zaidi ya aina 100 za mbwa. Pundamilia yumo. Ngamia yumo. Punda hayumo. Ukiionyesha mashine ya orodha hiyo punda wa Ikutha na mitungi yake minne ya maji, lazima ichague jina kati ya yale 1000. Haijafundishwa kusema sijui.

Mwaka mzima Susu alikataa upasuaji. "Nimezoea," anasema. Shangazi alinilaumu kwamba sikumsukuma, na alikuwa na haki. Ukweli ambao sikumwambia ni huu: nilipokuwa nikija Ikutha, nikifika kwenye ule mkunjo wa njia, nilikuwa nainua bega. Kwa makusudi. Hatua hamsini za kuitwa jina la baba.

Halafu akaungua mkono, alidhani sufuria iko kando ya moto. Wiki iliyofuata tukapanda matatu hadi Kitui mjini. Upasuaji wenyewe haukuchukua hata saa, mtu yuko macho. Wanatoa lenzi iliyofifia wanaweka ya plastiki. Walianza na jicho moja.

Asubuhi yake muuguzi alitoa bandeji. Susu alitazama dirisha kwanza, kisha mikono yake mwenyewe, akaigeuza, akashangaa jinsi ilivyozeeka. Kisha akanivuta karibu. Kidole chake kikapita juu ya nyusi yangu ya kushoto.

"Hili kovu ni la lini?"

"2021, Susu. Bodaboda."

"Na hukuniambia."