Kigeuzi cha Laki Sita

Kila anayesikiliza muziki ana kigeuzi, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Kimo ndani ya simu yako, ndani ya laptop, na ndani ya ile deki ya zamani sebuleni kwenu. Kazi yake ni kupokea namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka kama sauti. Spika haisomi namba, kwa hiyo lazima awepo mkalimani katikati. Wapenzi wa vyombo vya muziki wanakiita DAC, na wapo wanaokinunua peke yake, ndani ya boksi lake, kwa bei ya gari. Kampuni ya dCS ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1987 na kufanya kazi za rada kabla ya kugeukia muziki, inauza vigeuzi vinavyopita paundi 10,000.

Hayo yangebaki huko huko Uingereza nisingeandika kitu. Tatizo yalifika Maparoni.

Kwa wasiopajua, Maparoni ni delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Unatoka Mbagala kwa gari, unashuka Nyamisati, halafu unasubiri maji yajae ndipo boti ipenye katikati ya mikoko. Baba mkubwa anaishi huko, anafanya biashara ya kaa, na wakati sisi wote tumehamia YouTube yeye bado ana CD. Anazo za Ikhwani Safaa, Mlimani Park na Msondo. Anayo pia moja isiyo na jalada, imeandikwa kwa kalamu tu: HARUSI. Humo anaimba mama mkubwa, akiongoza wenzake kwenye harusi ya jirani. Mama mkubwa alishatangulia mbele ya haki. Alirekodiwa kwenye kaseti, na miaka baadaye mtu wa mjini akaihamishia kwenye CD.

Mwaka jana mfanyabiashara mmoja wa Dar alimwambia mzee kwamba kigeuzi kizuri "kinatoa sauti iliyojificha kwenye CD". Bei laki sita. Hela ilikuwepo, ya kaa, ila mashua nayo ilikuwa inavuja, inadai mbao mbili na kalafati. Akanipigia. "Mwanangu, wewe unasoma mambo ya umeme. Nikichukue?"

Mkubwa wako haumjibu hapana kwenye simu. Nikamwambia, "Baba, nipe mpaka likizo." Nikaazima kigeuzi cha daraja hilo hilo kwa mwanafunzi mwenzangu, nikakifunga kwenye nguo, nikashuka nacho Nyamisati.

Kabla ya matokeo, tuelewane kuhusu CD yenyewe. Philips na Sony waliitoa mwaka 1982, na hesabu yake haijabadilika hadi leo. Kila sekunde, mara 44,100, kimo cha sauti kinapimwa, kushoto na kulia, na kila kipimo kinaangukia kwenye ngazi moja kati ya 65,536. Hiyo inatosha kubeba sauti hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo mwisho wa sikio la kijana. Sikio la mzee linaishia chini zaidi. Kwa hiyo kigeuzi cha bei mbaya hakiongezi namba. Kinachoweza kufanya ni kuzisoma kwa wakati sahihi zaidi, na kwa utulivu zaidi kuliko kile kilichobanwa ndani ya deki pamoja na mota na umeme mchafu.

Usiku wa kwanza nilitoa muziki kwenye deki kwa waya wa mwanga, ukaingia kwenye kigeuzi kilichokuwa kinakula pawabenki, kisha kwenye amplifaya. Nikasawazisha sauti kwa programu ya simu, maana sikio huwa linampa ushindi anayepiga kelele zaidi. Mzee akafumba macho, nikawa nabadilisha bila kumwambia kipi ni kipi. Kwenye Ikhwani Safaa, mara 8 kati ya 10 alichagua kigeuzi cha nje. Hata mimi nilisikia: nyuzi za ganuni zilikuwa zimeachana moja moja, na ule mvumo wa chini chini ulikuwa umekufa. Mzee akacheka, "Laki sita imejibu."

Ila mimi ule mvumo ulinikera. Ulikuwa unatoka wapi? Amplifaya yake ni ya gari, iko moja kwa moja kwenye betri ya sola. Deki ndiyo ilikuwa kwenye inveta, zile za bei rahisi ambazo umeme wake una kona kona. Bahati nzuri deki hiyo inakubali pia volti 12. Usiku wa pili nikazima inveta, nikaiweka deki kwenye betri, tukarudia. Mara hii alipatia 5 kati ya 10, yaani alikuwa anabahatisha kama mtu anayerusha shilingi. Sehemu kubwa ya alichokisikia jana yake ilikuwa ni mvumo wa inveta kuondoka, na kuuondoa hakukugharimu hata mia.

Tukaendelea kukagua. Ncha za waya za spika zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi, nikazikata na kuzimenya upya. Kingo za spika zilikuwa zimeoza kwa unyevu, fundi wa Kibiti akazibadilisha. Baada ya hapo hata jirani alikuja kuuliza mzee kanunua nini.

Usiku wa tatu aliitoa CD ya harusi. Nadhani siku zote hizo alikuwa anaisubiri hiyo, na mimi nilikuwa naiogopa. Tukaiweka kwa kigeuzi, spika mpya, betri safi. Mama mkubwa alisikika vile vile kama zamani, kwa mbali, sauti imefunikwa na kitu kama maji yanayochemka. Aliyehamisha ile kaseti aliibana kwanza kuwa MP3 ndogo, kisha ndiyo akaichoma kwenye CD. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inabeba chini ya sehemu moja ya kumi ya kilobiti 1,411 za CD. Zilizotupwa hazirudi. Mkalimani hodari kiasi gani hawezi kutafsiri neno ambalo halikusemwa.

Nilimweleza hivyo, kwa upole. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hata hiki cha laki sita hakimleti?"

"Hapana, baba. Hakimleti."

Akainuka bila neno, akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani ilikuwemo kaseti yenyewe, imefungwa kwenye kanga. Ina kuvu kidogo pembeni, utepe haujakatika.

Sisemi vigeuzi ni utapeli. Mwenye CD safi, spika nzuri na umeme mtulivu, ambaye bado anaona deki yake ina kelele, anunue, na cha bei ya kawaida kitamfikisha karibu kote anakotaka. Lakini anza kwenye chanzo, kisha umeme, kisha spika, ndipo ufike kwenye boksi. Laki sita ya mzee ilienda kwenye mashua.

Kaseti ninayo hapa chuoni. Utepe ukikatika hakuna nakala nyingine, kwa hiyo sitaki kuujaribu kwenye redio yoyote tu. Natafuta deki ya kaseti inayozunguka sawasawa, kichwa chake kizima, ya kuazima siku moja. Kama kwenu ipo moja kabatini, niulizie ofisi ya gazeti hili. Nitakuja kuichukua mwenyewe.