Ndani na Nje ya Ukuta wa Mombasa



Sisi tukaao Qantab hatuingii Maskati ya kale bila ya kuziona Mirani na Jalali, ngome mbili zilizosimama juu ya majabali ya bandari. Watoto wetu wamezizoea hata hawazitazami tena. Kwa hivyo likizo ya skuli iliyopita, tulipokwenda Mombasa kuwazuru jamaa, niliazimia kuwapeleka wajukuu wangu katika Ngome ya Yesu, ambayo kwa nasaba ya ujenzi ni ndugu wa ngome hizi za kwetu. Nawasimulia ziara hiyo kwa kuwa swali nililoulizwa huko linazihusu nyumba zetu nyingi.

Kwanza nieleze udugu wenyewe. Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507. Mwaka 1581 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliushambulia mji na kuupora mbele ya macho yao, na baada ya aibu hiyo wakaziimarisha Mirani na Jalali kwa sura tunayoijua. Nahodha huyo huyo alikwenda kuwasumbua katika pwani ya Afrika ya Mashariki, mpaka wakamkamata Mombasa mwaka 1589. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Basi hofu moja ndiyo iliyosimamisha kuta za miji miwili. Mpaka wa dola yao ulikuwa bahari, na ngome hizo ndizo zilizokuwa nguzo za mpaka huo.

Tuliingia asubuhi, jua lingali pole. Kuta ni nene, sehemu nyingine zimechongwa katika mwamba wa matumbawe wenyewe, na mwenye kuitazama ramani yake huona umbo la mtu aliyelala, kichwa kikiwa upande wa bahari. Wajukuu walipanda juu ya mizinga, wakachungulia mlango wa bandari, wakaingia katika nyumba ya watawala wa Kiomani iliyo juu ya buruji. Katika makumbusho tuliona vyombo vilivyotolewa chini ya maji, mali ya merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa.

Hapo nikawasimulia habari ya kuzingirwa huko. Imamu Sultan bin Saif aliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na watu wa Mombasa, waliochoshwa na dhulma, wakapeleka maombi ya msaada kwa Maimamu wa Oman. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yakawasili, na ngome haikuanguka ila Disemba 1698. Hiyo ni miezi 33. Njaa na maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na siku ya mwisho waliobaki hai ndani hawakufika ishirini.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na moja, akaniuliza: "Babu, sisi tulikuwa wapi, ndani au nje?"

Jawabu jepesi lilikuwa "nje", pamoja na jeshi la Imamu, kwani baba yake ni mtu wa ukoo wa Kiomani. Lakini bibi yake mzaa mama ana asili ya Faza, katika kisiwa cha Pate. Na waliomo ndani ya ngome hawakuwa Wareno peke yao. Wareno walikuwa wachache, na wengi waliokimbilia humo walikuwa Waswahili, wanaume kwa wanawake, Waislamu kama sisi. Wakubwa wa Faza walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Pate, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Jemadari wa Kireno alipofariki mwaka 1697 na askari wake kukaribia kumalizika, aliyeshika uongozi wa ulinzi ni Bwana Daud, mwana wa wakubwa wa Faza, na yeye na watu wake wakazishikilia kuta mpaka msaada ulipofika.

Nikamwambia: "Mama, asili zako zilikuwa ndani na nje." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani basi alikuwa na haki. Nikamjibu kuwa Wareno walikuwa wageni waliotawala kwa nguvu, na hilo halina ubishi. Ila Bwana Daud naye alikuwa na mji wake wa kuulinda, na mtu hapimwi kwa siku moja ya maisha yake.

Habari haikuishia hapo. Wareno walirudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawatoa. Kisha kina Mazrui, waliotumwa na Oman, wakajitenga na Oman, hata mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan akaitwaa ngome kutoka mikononi mwao. Hao wote walikuwa Waomani, wakielekea kibla kimoja. Waingereza wakaifanya gereza toka 1895 mpaka 1958. Jalali yetu nayo ilikuwa gereza hadi miaka ya 1970. Na neno hilo "gereza" tumelipata kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya kanisa.

Ndugu zangu, nimefundisha tarikhi kwa miaka mingi, na nimeona kuwa watoto wetu hupewa moja katika hadithi mbili. Nyumba nyingine humwambia mtoto kuwa wazee wake walikuja Afrika wakiwa wakombozi, basi. Nyumba nyingine, zenye majeraha ya mwaka 1964, humwambia kuwa kule tulifukuzwa, basi kule hapatuhusu. Mtoto hukua akiona haya kwa nusu ya damu yake. Kule wazee wake waliitwa Wamanga, huku yeye anaitwa Mzanzibari, na kila mmoja anamtaka achague upande wa ukuta.

Nasaha yangu ni kuwa tusimlazimishe kuchagua. Tumwambie yote kwa majina na miaka yake: Imamu Saif na Bwana Daud, Mazrui na Busaidi, waliofungua malango na waliofungwa ndani. Tumtajie pia bibi zake na miji yao, si babu peke yao, kwani aghlabu ni kwa upande wa bibi ndipo pwani ile inapoingia katika nyumba zetu. Na tumwambie kwa Kiswahili, maadamu wapo wazee wa kuulizwa.

Mwenye kwenda Mombasa likizo ijayo na awachukue watoto. Asiyekwenda, Mirani na Jalali zipo hapa, safari fupi kwa gari. Asimame nao pale bandarini, awasimulie.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusema kweli mbele ya watoto wetu. Amin.