Mnyaa wa Liboi



Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi nyumba yetu ya Mombasa haikuwa na mnyaa hata mmoja. Kabla ya hapo tulikuwa na miwili barazani na mmoja sebuleni, katika vyungu vya udongo nilivyovichagua mwenyewe. Alasiri moja binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa, alinisaidia kuipogoa. Adhana iliposikika aliinuka kwenda kutawadha. Aliosha mikono kwa maji matupu, akachota, akajipaka usoni. Haukupita muda nikasikia kilio ambacho mpaka leo hakijanitoka masikioni.

Utomvu wa mnyaa hauondoki kwa maji peke yake. Ulibaki katika vitanga vyake, ukaenda naye mpaka machoni. Tulimmiminia maji, tukamkimbiza hospitali, na kwa siku tatu alikaa katika chumba kilichofungwa mapazia. Alhamdulillahi, macho yalipona. Siku ya pili yake nilivitoa vyungu vyote nje, nikaapa kwamba mti ule hautavuka tena kizingiti changu.

Kiapo hicho nilikwenda nacho mpaka Liboi. Wifi yangu anasomesha huko, naye alikuwa amejifungua; nikaona ni wajibu wangu kwenda kumlea. Njia huanzia ufukweni, hupita Kilifi na Malindi, na baada ya Garsen hewa hubadilika: unyevu wa bahari hukatika, na midomo huanza kukauka. Mto Tana hubaki mkono wa kulia mpaka Hola na mbele yake, kisha basi huvuka daraja na kuingia Garissa. Kutoka hapo ni karibu kilomita 100 mpaka Dadaab, halafu mwendo mwingine wa mchanga, vichaka na vizuizi vya polisi, kitambulisho kikiwa mkononi. Liboi ndiyo mwisho wa njia kwa upande wetu. Ng'ambo ya mpaka ni Dhobley ya Somalia. Mwaka 1991, vita vilipozuka huko, mji huu mdogo ulikuwa miongoni mwa milango ya kwanza iliyowapokea waliokimbia.

Katika nchi kavu kama ile jicho huvutwa na chochote kilicho kibichi. Baina ya migunga niliona mti wenye shina moja lililonyooka, na juu yake matawi mengi yasiyo na majani, yamekusanyika kama mwavuli. Nilidhani ni jamaa ya mpungate. Sivyo. Mpungate na ndugu zake asili yao ni bara la Amerika. Ule ni yuforbia, ukoo mmoja na mnyaa wetu, na alama yake ni utomvu mweupe kama maziwa utokao pindi unapoukata. Ukoo huu una aina zipatazo 2,000 duniani. Jina lake limetokana na Euphorbos, tabibu wa Juba wa Pili, mfalme wa Mauretania ya kale huko Kaskazini ya Afrika. Mti wa mwavuli wataalamu huuita Euphorbia robecchii, kwa jina la Luigi Robecchi Bricchetti, msafiri wa Kiitaliano aliyepita nchi ya Wasomali mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye baadaye alichunguza habari za utumwa katika pwani ya Banadir.

Jirani wa wifi yangu alikuwa bibi mmoja wa Kisomali ambaye mtaa mzima ulimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Nyua nyingi za pale huzungushiwa matawi ya miiba. Ua wa Ayeeyo ulikuwa na miiba hiyo, lakini upande wa zizi la mbuzi ulikuwa na safu ya minyaa iliyosimama bega kwa bega. Nilipoiona nilirudi nyuma hatua moja. Akaniuliza kulikoni, nami nikamsimulia habari za mwanangu.

Hakunicheka, wala hakunilaumu. Alisema, kwa Kiswahili chake cha mpakani: "Mama, huu mti haukukosa. Wewe uliuweka mahali pa mtoto, na mtoto hukumwambia."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nilikuwa nimemfundisha binti yangu kuogopa jiko, kisu na barabara. Juu ya mti niliomwekea karibu na mkeka wake sikuwahi kumwambia neno.

Asubuhi iliyofuata Ayeeyo alinionyesha namna anavyoukata. Alifunga kitambaa mkononi, akageuza uso upande usio na upepo, akakata tawi lenye urefu wa shibiri moja. Alilitia katika kopo la maji mpaka utomvu ukakoma, akaliweka kivulini. Kisha akanawa kwa sabuni mara mbili, akiwa bado hajagusa mtungi wala shungi lake. Katika mji ambao kila tone la maji hubebwa, bibi yule hakuionea choyo sabuni wala maji ya kuiondoa.

Nilijifunza pia kwa nini mnyaa wangu wa sebuleni ulikuwa umeoza shina kabla hata ya mkasa ule. Nilikuwa nikiumwagilia kila asubuhi kwa mapenzi. Liboi mwaka hugawika kwa mvua na kiangazi: mvua za Gu kuanzia Aprili, ukavu wa Hagaa, mvua fupi za Deyr mwezi Oktoba, kisha Jilaal, kiangazi kikali cha Januari mpaka Machi. Mvua ya Garissa kwa mwaka haifiki nusu ya ile ya Mombasa. Mnyaa umeumbwa kwa maisha hayo. Wakati wa jua kali shina lake hufumba vinyweleo lisipoteze maji, na usiku hali ikipoa huvifungua na kuvuta hewa, kama mfungaji angojaye magharibi. Subhanallah! Mti wa namna hiyo ukinyweshwa kila siku hufa kwa ukarimu.

Basi dada yangu unayetaka kuupanda, shika haya machache. Tawi likisha kukatwa, liache kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, ndipo ulitie ardhini. Chungu kiwe cha udongo na chenye tundu chini. Changanya udongo na mchanga mchafu wa mtoni, nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani una chumvi, uepuke. Ndani ya nyumba uweke karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, kwani gizani hurefuka ukawa mwembamba na dhaifu. Nje uupande juanini, mahali palipoinuka, ili masika yetu yasiuzamishe. Kabla ya kumwagilia tia kidole udongoni. Ukihisi unyevu, acha. Shina likilainika chini, kata sehemu nzima iliyo juu na uanze upya.

Na utomvu usiufanyie mzaha. Vaa glavu na miwani. Ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi, na iwe kabla ya udhu, maana udhu hupeleka mkono usoni. Ukiingia jichoni, usisugue wala usitie dawa ya kienyeji. Mimina maji safi yanayotiririka kwa robo saa, kisha nenda hospitali. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, au mbuzi na paka wa kutafuna kila kitu, ni afadhali mti ukae nje nyuma ya uzio.

Nilipokaribia kuondoka nilitamani kung'oa mche mmoja wa ule mti wa mwavuli nije nao Mombasa. Ayeeyo alikataa katakata. Alisema miche ile haipandwi na mtu na hukua polepole. Kila apitaye akichukua mmoja, wajukuu wataonyeshwa mashimo. Hata sheria iko pamoja naye: karibu yuforbia zote za jamii hii inayohifadhi maji shinani zimo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, ulioanza kutumika mwaka 1975, na kuzivusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali, ambacho hapa kwetu hutolewa na KWS. Badala yake alinipa tawi la mnyaa wake mwenyewe, limekauka jeraha, limefungwa katika gazeti.

Nilipofika nyumbani sikulipanda peke yangu. Nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi, nikamweleza yote niliyopaswa kumweleza tangu mwanzo. Alisita mlangoni kitambo. Kisha akaleta glavu za jikoni, kubwa kuliko mikono yake, akauliza chungu kitakaa wapi. Tulikubaliana pembe ya nje ya baraza, nyuma ya uzio mdogo, mbali na mkeka na ndoo ya udhu.

Mti umeota. Kila Ijumaa binti yangu huutazama, akatia kidole udongoni, akanawa kwa sabuni mara mbili. Halafu humpigia simu shangazi yake na kumuuliza kama Liboi kumenyesha. Mara nyingi jibu huwa hapana, naye hurudisha kopo la maji mahali pake.