Mfungueni Kinywa Kabla ya Kumchapa

Newmarket, Uingereza

Ndugu zangu wa Amu (Lamu),

Leo naandika nikiwa nimeudhika. Gego linaniuma, na kila kliniki ya bei nafuu ninayoipigia simu hunijibu kwamba haipokei wagonjwa wapya. Basi asubuhi, shavu mkononi, nikaona gari la daktari linaingia kwenye mazizi ninakofanya kazi. Amekuja kutazama meno. Si yangu, ya farasi! Wao hawapangi foleni wala hawapigi simu. Daktari huwafuata walipolala, na kabla hajaondoka miadi ijayo imeshaandikwa.

Mji huu ni wa farasi. Wa mbio peke yao ni takriban 3,000. Wana njia zao kandokando ya barabara, na alfajiri magari husimama wao wapite. Kwamba hao wanatunzwa si ajabu, ni fedha zinazotembea. Kilichonishangaza ni yule farasi mzee wa zizi la mwisho, asiyekimbia wala kubeba hata gunia. Naye alifunguliwa kinywa, tena kwa utaratibu uleule.

Nilimshikia hatamu. Kwanza alidungwa sindano ya kutuliza. Kichwa kikainama, midomo ikalegea. Kinywa kikaoshwa kwa maji, kikavalishwa chuma cha kukitanua. Daktari akawasha taa ya kichwani, akaingiza kioo chenye mpini mrefu, kisha mkono mzima hadi magego ya mwisho. Kila jino lina nafasi yake kwenye fomu. Halafu ikaja tupa ya umeme, unga mweupe ukaruka na harufu ya mfupa unaoungua ikajaa zizi. Wapo pia mafundi wa meno waliofuzu mitihani ambao wanaruhusiwa kupiga tupa, lakini sindano ile ni ya daktari wa mifugo tu, na tangu mwaka 1966 kuna sheria inayolinda kazi yake.

Hiyo tupa ya nini? Jino la farasi, na la punda vilevile, halichomozi likakoma kama letu. Kila mwaka husogea nje ya ufizi milimita 2 hadi 3, kufidia kinacholika kwa kutafuna. Shida ni kwamba taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayasagani sawasawa. Ya juu hubakiwa na kingo kali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Mnyama anakula huku anajichana. Akilishwa pumba zaidi kuliko nyasi hutafuna kidogo, na kingo huzidi kuwa kali. Majani yakinasa katikati ya meno, ufizi huoza. Kisichosagika hushuka kimabonge, kikaziba utumbo, na msokoto wa tumbo wa namna hiyo huua.

Sasa nije kwenu. Mpwa wangu kanitumia video ya punda wa kubeba mchanga. Punda anatafuna, anatema bonge la majani, anasimama. Nyuma yake fimbo inapanda. Huku Newmarket mnyama akigoma wanauliza kinywani kuna nini. Kwetu punda akigoma tunauliza fimbo iko wapi. Tunamwita mvivu, mkaidi, mwana wa laana, naye masikini ana donda kwenye ulimi.

Wala msiniambie hatujui kufungua kinywa cha punda. Siku ya kununua tunajua sana! Mzee anapandisha mdomo, anasoma meno ya mbele, anataja umri, anakata bei, na muuzaji anaapa kwa wazazi wake wote wawili. Fedha zikishalipwa, kinywa kile hakifunguliwi tena mpaka siku ya kumuuza. Siku ya mbio za Maulidi tunamshangilia kama bwana harusi, keshoye tunampakia mawe. Na methali ya kujitetea tunayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Haya, umefika. Wa kesho utaubeba wewe?

Udhuru wa umbali nao hamna. Kituo cha punda cha The Donkey Sanctuary kilifunguliwa hapo mjini mwaka 1987, na kwa miaka mingi kimetibu punda bila malipo. Wengi wetu humpeleka punda pale akiwa ameshalala chini. Mpelekeni akiwa bado anatembea, mkaombe atazamwe meno.

Haya yashikeni. Mtazameni anapokula: akitema mabonge, akitafuna upande mmoja, akiinamisha kichwa upande, au akikonda na chakula kipo, shukuni meno. Chunguzeni kinyesi; nyasi ndefu ndani yake maana yake hazikusagwa. Usaha unaonuka ukitoka pua moja tu, au uvimbe ukitokea chini ya jicho, huenda mzizi wa gego la juu umeoza; msingoje. Papaseni mashavu kwa nje, taratibu, na akishtuka mmepata jibu. Msitie vidole katikati ya magego, maana hayachagui. Msimpige tupa ya seremala wala kumng'oa jino kwa koleo, kwani tupa ikizidi hufika kwenye kiini cha jino na mmemwongezea maradhi. Mkague kamba na vyuma vya kinywani visiwe na ncha. Punda mzima atazamwe mara moja kwa mwaka. Wadogo wanaobadilisha meno, kati ya miaka miwili na nusu na mitano, na wazee, watazamwe kila miezi sita. Mzee aliyepukutika meno akatiwe majani mafupi na pumba ilowekwe maji. Bado ana miaka ya kuishi.

Siwaombi mumvishe punda blanketi wala mumnunulie mswaki. Ya Wazungu mengine ni ya Wazungu. Naomba kazi ya dakika chache kwa mnyama aliyejenga nyumba zenu. Mawe, mchanga na saruji vilipita kwenye vichochoro vile mgongoni mwake, si kwenye lori.

Nisalimieni mitaa ya Langoni na Mkomani. Najua barazani mtasema huyu kaenda Ulaya kavimba kichwa, anatufundisha punda sisi Waamu. Semeni. Ila atakayenijibu amfungue punda wake kinywa kwanza, aniandikie alichokikuta humo, ndipo anitukane.

Wenu wa ughaibuni.